Khuda Bakhsh wa Patna: Wakili Aliyeweka Vitabu Wakfu

  

Ndugu msomaji, katika toleo hili nimepewa ukurasa wa wasifu. Walionitangulia kuandika hapa wametuletea maimamu, makadhi na majemadari, Allah awalipe. Mimi nakuletea wakili wa mahakamani, mtu wa Bihar kule India, ambaye hakuongoza jeshi wala hakutunga kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu. Kazi aliyoiacha ni kukusanya vitabu vya watu wengine, hasa vya tarehe na vya elimu ya dini, kisha kuvifunga mahali pamoja kwa namna ambayo hata watoto wake mwenyewe wasingeweza kuviuza. Anaitwa Khuda Bakhsh. Kwa nini nimemchagua yeye, nitaeleza kwanza, ingawa maelezo yenyewe yananitia aibu.

KITABU CHA BABU

Babu yangu mzaa baba alifariki Buyenzi, Bujumbura, akaacha kasha la mbao chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vitabu kumi na kimoja, na mchwa walikuwa wametangulia kuvirithi. Kimoja tu kilisalimika: Tarikh al-Khulafaa ya Imam Suyuti, chapa ya zamani ya Cairo, kwa jalada la ngozi nyekundu lenye lisani, yaani kile kipande cha ngozi kinachokunjwa mbele ili kufunika kingo za karatasi. Katika ukurasa mtupu wa mwanzo kuna majina matatu kwa wino wa rangi tatu. La kwanza ni la mtu wa Ujiji, la pili sikulitambua, la tatu ni la babu. Chini yake babu ameandika mstari mmoja wa Kiarabu kwamba kitabu hiki ni wakfu kwa wanafunzi wa darsa yake. Darsa hiyo ilikufa kabla mimi sijazaliwa.

Mwaka jana nilikuwa nadaiwa karo na jina langu limebandikwa ubaoni pamoja na ya wenzangu wasioruhusiwa kufanya mtihani. Mtu mmoja akaniunganisha na mnunuzi wa vitu vya kale. Nikampelekea picha kwa simu, akataja bei iliyotosha kulipa deni lote na kubaki na nauli. Akaweka sharti moja: ule ukurasa wenye neno wakfu uondolewe, na uondolewe vizuri, kwa sababu wateja wake hawapendi kitabu chenye maneno kama hayo. Bibi alinipa kitabu kwa moyo mweupe, akaniombea dua. Kuhusu ukurasa sikumwambia kitu.

Wembe niliununua. Ulikuwa juu ya meza yangu ya bwenini kwa siku mbili, huku nikiandika kazi ya somo la ustaarabu wa Kiislamu kuhusu maktaba. Ndani ya kazi hiyo ndimo nilimokutana na Khuda Bakhsh.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Khuda Bakhsh alizaliwa tarehe 2 Agosti 1842 katika wilaya ya Saran, Bihar, kaskazini mashariki mwa India. Jina lake ni la Kifarsi, maana yake ni kipawa kutoka kwa Mungu. Ukoo wao ulikuwa wa watu wa kalamu. Haukuwa na mali nyingi, lakini ulikuwa na hati za mkono zilizorithiwa, kama 300 hivi. Baba yake, Muhammad Bakhsh, alikuwa wakili katika mji wa Patna, kando ya mto Ganges, na sehemu kubwa ya pato lake iliishia kwa wauza vitabu. Alipofikia uzee zile 300 zilikuwa zimekuwa 1400.

Ili kuelewa ugonjwa huu wa baba na mwana, ni lazima tukumbuke zama zao. Khuda Bakhsh alikuwa na umri wa miaka 14 ulipozuka uasi mkubwa wa mwaka 1857 dhidi ya Waingereza. Delhi ilipotekwa, mfalme wa mwisho wa Kimoghuli, Bahadur Shah Zafar, alipelekwa uhamishoni Rangoon, na ikulu yake ikaporwa. Lucknow nayo ikaporwa. Vitabu ambavyo wafalme walivikusanya kwa miaka mia tatu vikatoka nje mikononi mwa askari wasiojua kuvisoma. Inasimuliwa kwamba Nawabu wa Rampur alitangaza kuwa kila askari atakayemletea kitabu cha hati ya mkono atapata rupia moja, na kwa njia hiyo akajaza maktaba yake. Vingine vilikwenda Ulaya. Vingine viliishia madukani, vikauzwa kwa uzito kama karatasi za kufungia bidhaa.

Huo ndio uliokuwa ulimwengu wa kijana huyu. Alisoma Patna, kisha akapelekwa Calcutta, akafaulu mtihani wa kuingia chuo mwaka 1859. Lakini baba yake akaugua, akapooza, na kijana akalazimika kurudi nyumbani kutafuta riziki ya familia. Ndugu zangu mnaosoma huku mkituma fedha nyumbani, hapa mnamwelewa bila mimi kueleza. Alifanya kazi ya ukarani mahakamani, akaiacha baada ya kutopatana na hakimu. Akawa naibu mkaguzi wa shule. Huku nyuma alikuwa akisoma sheria, na mwaka 1868 akafaulu na kuanza uwakili Patna. Haukupita muda akawa miongoni mwa mawakili wenye kazi nyingi kabisa mjini, na mwaka 1880 akateuliwa kuwa wakili wa serikali.

WASIA WA BABA

Muhammad Bakhsh alifariki mwaka 1876. Alipokuwa kitandani alimwita mwanawe na kumuusia mambo mawili: avitunze vile vitabu 1400 na kuviongeza, kisha, Allah akimjaalia uwezo, avijengee nyumba na kuifungua kwa watu wote. Khuda Bakhsh alikubali. Wakati huo hakuwa na fedha za kujenga nyumba kama hiyo. Alikuwa na kazi, jina zuri na ahadi aliyompa baba yake basi.

Kutimiza ahadi hiyo kulimchukua miaka 15. Kwanza aliongeza vitabu. Alimwajiri Mwarabu mmoja aitwaye Muhammad Maki, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa kutafuta hati, ambaye kabla yake alikuwa akimtumikia yule Nawabu wa Rampur. Akamlipa rupia 50 kila mwezi pamoja na ushuru wake kwa kila alichopata, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka 18. Muhammad Maki alizunguka Syria, Uarabuni, Misri na Uajemi akipekua misikiti, nyumba za wanavyuoni waliofariki na maduka ya vitabu, na alichokipata akakisafirisha hadi Patna. Kwa wenyeji Khuda Bakhsh alikuwa na mbinu nyingine: yeyote aliyekuja Patna na hati ya mkono alilipwa nauli ya gari moshi ya kuja na kurudi, hata kama kitabu chake hakikununuliwa. Habari zikaenea. Wajane wa masheikh, vijana wa koo zilizofilisika, madalali, wote wakajua mlango wa kubisha.

Mwenyewe naye hakuwa akipita duka bila kuchungulia. Kuna kisa mashuhuri cha alipokuwa Hyderabad. Siku moja alikuwa akirudi kutoka mahakamani, akaona furushi la vitabu vikuukuu juu ya gunia katika duka la unga. Akasimamisha gari lake la farasi, akavitazama, akauliza bei. Mwenye duka alikiri kwamba mtu mwingine angempa kwa rupia 3, lakini kwa kuwa bwana mkubwa amesimama kwa ajili yake, basi lazima mna kitu ndani, na bei ni 20. Khuda Bakhsh akalipa 20. Alijua kilichokuwa kwenye gunia kuliko aliyelikalia.

KITABU KINAVYOSEMA KILIKOTOKA

Hapa nisimame kidogo, maana sisi wanafunzi tumezoea kukiona kitabu kama maneno yaliyomo tu, na maneno siku hizi tunayapata kwa simu. Kwa mtu kama Khuda Bakhsh, kitabu kilikuwa na maisha mawili: ya aliyekitunga, na ya wote waliokimiliki. Haya ya pili hayaandikwi katika matini. Yamo kwenye kurasa tupu za mwanzo na mwisho, kwenye pambizo, kwenye mihuri na kwenye jalada.

Katika maktaba ya wafalme wa Kimoghuli ilikuwa desturi vitabu kukaguliwa mara kwa mara, na mtunzaji aliandika kwenye ukurasa wa mwanzo tarehe ya ukaguzi, akapiga muhuri wake, na mara nyingi akaandika daraja la kitabu na thamani yake. Kitabu kilichopita mikononi mwa wafalme watatu kina alama za wote watatu. Ukizifuata alama hizo unajua kilikuwa wapi, mwaka gani na kwa nani, kama unavyofuata isnadi ya hadithi kutoka kwa mpokezi hadi mpokezi. Mlolongo ukikatika, shaka inaingia.

Na jalada ni sehemu ya ushahidi huo. Ngozi iliyochapwa nakshi ya duara katikati, pembe zilizopambwa, lisani iliyokunjwa vizuri, vyote humwambia mjuzi kitabu kilijalidiwa nchi gani na zama zipi. Ndiyo maana fundi asiye mwangalifu anaweza kuharibu zaidi ya mchwa. Akijalidi upya na kupunguza kingo ili zilingane, anakata na maelezo ya pambizoni. Akitupa kurasa tupu za zamani kwa sababu zimechakaa, ametupa majina ya wenye kitabu.

Mfano mkubwa ni kitabu cha tarehe kiitwacho Tarikh-i Khandan-i Timuriya, yaani tarehe ya ukoo wa Timur, kilichoandikwa na kuchorwa katika karakana ya mfalme Akbar. Kina picha zaidi ya 130 zilizochorwa na mafundi wengi wa ikulu, na hakuna nakala yake nyingine inayojulikana duniani. Mwanzoni mwake kuna maelezo kwa mkono wa mfalme Shah Jahan, yule aliyejenga Taj Mahal. Kitabu hicho kiliingia katika mkusanyo wa Khuda Bakhsh, na mwaka 2011 UNESCO ilikiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Kuna pia nakala ya diwani ya Hafiz ambayo pambizoni mwake wafalme Humayun na Jahangir waliandika kwa mikono yao jinsi walivyoifungua kutafuta fali kabla ya mambo makubwa. Kutafuta fali hatukukubali sisi katika dini yetu, lakini mwandiko ule ni ushahidi wa tarehe, na kama mtu angeukata kwa kuuchukia, asingeubadilisha ukweli kwamba ulikuwepo.

Niliposoma sehemu hii, nilinyanyua macho nikautazama wembe.

VISA VYA HASARA NA KUREJEA

Baba yake Khuda Bakhsh aliwahi kumwazima hakimu mmoja Mwingereza wa Patna hati adimu ya mashairi ya Kifarsi. Yule hakimu akaipenda, akakataa kuirudisha, akataka kuilipia fedha nyingi. Mzee akakataa kuuza, lakini kitabu hakikurudi. Kisha hakimu akastaafu. Akapanga vitabu vyake vizuri katika makasha ya kupelekwa Uingereza, na vile asivyovitaka katika makasha ya mnada. Wapagazi wakachanganya makasha. Lile lenye vitabu bora likapelekwa mnadani, na Muhammad Bakhsh akalinunua. Ndani alikikuta kitabu chake, pamoja na kingine chenye saini ya Shah Jahan.

Kisa cha pili ni cha wizi. Fundi aliyekuwa akijalidi vitabu vya Khuda Bakhsh aliondoka na hati kama 20 za thamani, akazipeleka kwa dalali mmoja wa Lahore. Dalali, bila kujua zimetoka wapi, akafikiri ni mnunuzi gani katika India yote angetoa bei nzuri kwa vitu kama hivi. Akamwandikia Khuda Bakhsh wa Patna. Hivyo mwenye mali akaletewa barua ya kuuziwa mali yake mwenyewe, na vitabu vikarudi.

Tusimpambe mtu zaidi ya alivyokuwa. Mapenzi ya vitabu yalimfanya Khuda Bakhsh aone kuazima kwa jicho ambalo fakihi hawezi kulikubali. Inasimuliwa kuwa alikuwa akifanya mzaha kwamba vipofu wako aina tatu: asiyeona kwa macho, anayemwazima mwenzake kitabu cha thamani, na anayekirudisha. Ni mzaha wa wapenda vitabu, na wengi wetu hapa chuoni tunauishi bila kucheka. Tukafungue makabati yetu tuone ni vitabu vingapi vya maktaba ya jumuiya vimelala humo tangu mwaka wa kwanza. Kitabu cha kuazima ni amana, na amana hairudishwi kwa mzaha.

KUFUNGULIWA KWA MAKTABA

Mwaka 1888 nyumba ilikamilika, ghorofa mbili, kando ya Ganges, kwa gharama ya rupia 80,000 kutoka mfukoni mwake. Mwezi Januari 1891 akatia saini hati ya wakfu: vitabu, nyumba na vyote vilivyomo vimetoka katika milki yake na kuwa vya watu, kwa sharti kwamba vitabu visihamishwe kutoka Patna. Tarehe 5 Oktoba 1891 maktaba ikafunguliwa rasmi na Luteni Gavana wa Bengal. Siku hiyo ilikuwa na hati za mkono zipatazo 4000, za Kiarabu na Kifarsi.

Zingatia mpangilio huu, ndugu yangu. Alikuwa wakili. Alijua jinsi mirathi inavyogawa, jinsi madeni yanavyokamata, na jinsi mtoto mmoja mwenye shida anavyoweza kuuza katika mwezi mmoja kilichokusanywa kwa miaka sitini. Alikuwa ameishi katika zama ambazo maktaba za wafalme ziliuzwa barabarani. Basi akaifunga mali yake kwa kufuli la sheria ya Kiislamu lenyewe. Sote tumesoma habari za ardhi ya Sayyidna Umar (R.A.) kule Khaybar: asili ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake yanaendelea. Ardhi ya Khaybar ilizaa tende. Shamba la Khuda Bakhsh huzaa wasomaji.

Makumbusho ya Uingereza, London, yalitaka kununua mkusanyo wake kwa fedha nyingi. Akakataa. Alijibu kwamba yeye ni mtu maskini, lakini hawezi kubadilishana kwa fedha kitu ambacho yeye na baba yake wametoa maisha yao kwacho. Na neno umaskini hapo halikuwa unyenyekevu wa maneno. Mwaka 1895 alikwenda Hyderabad kuwa jaji mkuu wa mahakama kuu ya Nizam, akarudi Patna mwaka 1898 na kuendelea na uwakili, lakini afya ikaanza kumtupa, naye akapooza kama baba yake. Kazi ikapungua na madeni yakabaki. Ilibidi serikali itoe rupia 8000 kumlipia madeni, na kumwekea rupia 200 kwa mwezi kama katibu wa maktaba aliyoianzisha mwenyewe. Yaani mtu aliyekalia hazina ya thamani isiyohesabika alikuwa akidaiwa, na hakuchomoa hata kitabu kimoja rafuni ili kujiokoa.

NDOTO YAKE

Aliwahi kuona katika usingizi kwamba kichochoro cha karibu na maktaba kimejaa watu. Akauliza kuna nini, akaambiwa Mtume (S.A.W.) amekuja kuitembelea maktaba na yeye mwenyewe hayupo kumpokea. Akakimbia hadi chumba cha hati, akakuta mgeni ameshaondoka, na vitabu viwili vya hadithi viko wazi mezani. Watu wakamwambia hivyo ndivyo alivyokuwa akivisoma. Alipoamka aliandika juu ya vitabu hivyo viwili kwamba visitolewe maktaba kamwe.

Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu tunajua kwamba ndoto ya mtu wa kawaida haijengi hukumu. Siileti kama dalili. Naileta kwa sababu inaonyesha moyo wake ulikuwa wapi. Miongoni mwa vitabu vyote vyenye dhahabu na mihuri ya wafalme, katika usingizi wake vilivyofunguliwa vilikuwa vya hadithi.

KUFARIKI KWAKE NA KILICHOBAKI

Khuda Bakhsh alifariki tarehe 3 Agosti 1908, siku moja baada ya kutimiza miaka 66. Alizikwa katika eneo la maktaba yenyewe. Mwaka huo huo ndio ulipotoka mjalada wa kwanza wa orodha ya hati zake, kazi iliyoandaliwa na Maulvi Abdul Muqtadir na kuendelea kwa mijalada mingi. Mwanawe Salahuddin, aliyesoma Oxford, aliandika juu ya ustaarabu wa Kiislamu kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Bunge la India lilipitisha sheria ya kuifanya maktaba hiyo taasisi yenye umuhimu wa kitaifa. Leo ina hati za mkono zaidi ya 21,000. Mwanafunzi wa Patna asiye na senti anaingia humo, anaketi, anasoma.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kwamba elimu inahitaji watunzi na inahitaji walinzi. Tunawasifu walioandika tukawasahau waliozuia mvua isiingie kwenye kasha.

Pili, kwamba nia njema bila hati haitoshi. Ni darsa ngapi katika miji yetu, kuanzia Buyenzi hadi Kasongo, masheikh wake walifariki na vitabu vyao vikagawanywa kama vyombo vya jikoni? Khuda Bakhsh aliandika, akasaini, akashuhudisha. Wewe mwenye vitabu vya marehemu nyumbani, hata kama ni vitano, viorodheshe. Andika kitabu gani, chapa ya wapi, majina gani yamo ndani, jalada liko hali gani. Usifute kitu. Usikubali fundi akate kingo. Viweke pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu, na uvifungue mara kwa mara, maana mchwa hupenda kitabu kisichosomwa.

Tatu, kwamba mtihani wa amana huja siku ya shida. Siku ya raha hakuna anayetaka kuuza.

Sasa niimalizie habari yangu. Wembe sikuutumia. Niliona kwamba nikiukata ukurasa ule nitakuwa nimeikata isnadi ya babu yangu kwa mkono wangu, na nitakuwa fundi yule wa Patna, tofauti ikiwa ni kwamba hakuna dalali atakayemwandikia barua mwenye mali, kwa sababu mwenye mali yuko kaburini. Nilimwambia yule mnunuzi kwamba kitabu hakiuzwi, akaacha kujibu simu zangu. Kisha nikampigia bibi na kumweleza yote, pamoja na sehemu ya ukurasa. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza kama mwandiko wa babu ungali unasomeka. Nikamjibu kwamba unasomeka.

Nilimuuliza ustadh wetu wa fiqhi nifanye nini na wakfu ambao darsa yake imekufa. Akanifahamisha kuwa kitabu bado ni wakfu, na kwamba kielekezwe kwenye manufaa yaliyo karibu zaidi na nia ya aliyekiweka, yaani wanafunzi wengine wa elimu, na familia ijulishwe. Likizo iliyopita nilikipeleka mwenyewe kwenye madrasa moja mtaani kwetu, pamoja na ami yangu kama shahidi. Tukaandika chini ya mstari wa babu, kwa wino wa nne, tarehe na mahali kilipohamia.

Karo sikuilipa kwa wakati. Nilikosa mitihani ya muhula ule, na nitamaliza chuo nyuma ya wenzangu niliongia nao. Sikudanganyi kwamba mlango mwingine ulifunguka siku ya pili yake. Lakini nilipokuwa madrasani pale, kijana wa miaka kumi na miwili hivi alikipokea kile kitabu, akaifungua lisani, akaanza kusoma majina ya ukurasa wa mwanzo kimoja kimoja kwa kidole, kabla hata ya kutazama kitabu kinahusu nini.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Khuda Bakhsh na baba yake, awarehemu babu zetu waliotuachia makasha yao, na atujaalie tuwe warithi wanaolinda. Aamin.

Wabillahi tawfiq.